Mkono Uliouinua Barazani

Mwanangu Rukia,

Salamu sikuandikii, maana upo chumba cha pili na nakusikia unavyohangaika na kufuli la sanduku. Kisukume kifuniko chini kwanza, halafu ndiyo ugeuze ufunguo. Sanduku lile nimelikata mwenyewe, pembe zote nimezikunja mara mbili. Hata likidondoka kutoka juu ya keria ya basi halitafunguka. Hilo ndilo pekee nitakalokueleza kuhusu safari. Ya pasi, ya kanga, ya nani umuamkie kwanza ukifika Morogoro, shangazi yako Mwanaidi keshayasema tangu juzi, na kama nnavyomjua dada yangu, atayasema tena kesho alfajiri.

Lakini shangazi yako alisema na jambo jengine, na hilo ndilo lililonikalisha kitako nikashika kalamu. Leo mchana alikuja karakanani kwangu, akajifanya anatafuta faneli ya mafuta ya taa. Akaishika moja, akaigeuza, akaichungulia kama daktari, akairejesha. Nikamwambia, Mwanaidi, faneli unazo nyumbani, zote nimekupa miye, sema lililokuleta. Akatazama chini.

"Rukia kasema usende bandarini kesho," alisema. "Kasema muagane hapa hapa nyumbani."

Nikamuuliza kwa nini. Akajibu kwamba hukusema, na yeye hakukuuliza. Nikamwambia haya, nimesikia. Alipoondoka niliendelea kugonga karai la watu mpaka nikalitoboa.

Si mara ya kwanza kuniambia nisije. Mara ya kwanza ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulinambia mwenyewe, njiani, pale Mkunazini mbele ya duka la vitambaa, na sikukusikiliza. Safari hii umemtuma mtu. Kukatazwa nimekuzowea, watu wamenikataza mengi. Kutumiwa mtu na mwanangu, tunayelala naye nyumba moja, ndiko kulikoniuma.

Basi na nikueleze kwa nini nilikuja skuli kwenu. Kwamba nilikuja, unajua. Sababu hujaniuliza, na mimi maisha yangu yote si mtu wa kutoa jibu kabla ya swali. Kesho hili litakuwa limekwisha muda wake, kwa hivyo nalitoa leo.

Unakumbuka mama yako alivyokuwa akikupokea ukirudi skuli? Ulikuwa mdogo, darasa la kwanza, la pili. Alikuwa hakuulizi umeshakula wala hakuvui viatu mpaka akuulize swali. Leo siku gani? Miguu ya kuku mingapi? Baba yako jina lake nani? Nawe unajibu, mkoba bado mgongoni, jasho linakutoka. Siku moja nikamwambia, Asha, mbona unamuuliza mtoto mambo unayoyajua? Maana kwangu swali ni kazi: unauliza kipimo cha mlango kwa sababu hukijui, ukishakijua unakata bati. Yeye akacheka, akanambia, "Nataka kumsikia, Haji. Jibu nnalo."

Nililisikia neno lile na sikulifahamu. Nilifikiri ni maneno ya wanawake. Alipofariki, ulikuwa darasa la tano, nyumba ikanyamaza. Wewe ukirudi skuli, unavua viatu mwenyewe. Mimi nikirudi karakanani, nauliza kama maji yamo mtungini, unasema yamo. Hapo mazungumzo yamekwisha mpaka kesho. Nilikuwa nakupenda kama nnavyokupenda sasa, lakini sikuwa na kitu nisichokijua cha kukuuliza.

Skuli yako ya mwanzo, pale karibu na nyumbani Jang'ombe, mlikuwa mnaingia kwa zamu, nusu asubuhi nusu mchana, na darasani mlikaa chini mmebanana. Nilikuja kuangalia nikahesabu vichwa, nikaona mwalimu akimpa kila mtoto dakika moja tu, kipindi hakimtoshi. Nikasema mwanangu hawezi kusomea pale. Ndipo nikakupeleka mjini, kwa Masista.

Maneno yaliyosemwa hukuyasikia yote, ulikuwa mtoto. Mjomba wako Seif alikuja nyumbani na kanzu yake ya pasi. Hakukaa. Watu wa mama yako, unajua, tangu siku niliyoposa walikuwa wakinitazama kama mtu aliyekuja kutengeneza paa akasahau kuondoka. Ukoo wa mjini, nyumba ya ghorofa, na binti yao kaolewa na fundi bati wa huku kwetu Ng'ambo ambaye babu yake alikuja na mizigo ya watu kutoka Bara. Seif akasema, "Shemegi, mtoto wa dada yangu unampeleka akafunzwe kupiga msalaba?" Nikamjibu kwamba nampeleka akafunzwe hesabu. Akasema hesabu ziko kila mahali. Nikamwambia, basi nioneshe. Akaondoka bila kunywa chai. Na ada ya skuli hakuwahi kuniuliza naitoa wapi, yeye wala mwengine katika wao.

Mimi sinunui kitu bila kukiona ndani. Kabla ya kukuandikisha nilimuomba Sista Benigna, mkuu wa skuli, anioneshe mnachosomeshwa kuanzia darasa la sita mpaka Fomu Thrii. Alikuwa mtu wa Bara, mfupi, sauti yake ndogo kama ya mtu anayezungumza msibani. Hakukasirika. Alinitolea silabasi moja moja, akaniachia meza yake nikasoma. Kusoma nasoma polepole, lakini nasoma. Hesabu nilizipenda. Sayansi nikaipenda. Kifaransa nikauliza ni cha kazi gani, akasema cha kuwafungua masikio, nikakiachia. Halafu nikatazama ratiba iliyobandikwa ukutani, nikaona Jumanne na Alhamisi, kipindi cha nne, kimeandikwa Dini.

Nikamuuliza, Waislamu je? Akasema hawalazimishwi, wanatoka nje, wanakaa barazani wanajisomea. Nikachungulia uwani. Ilikuwa Alhamisi na kipindi ni hicho hicho. Watoto walikuwa wamekaa kwenye baraza ya mawe, wanacheza mdako, na mmoja amelala kabisa, kofia usoni.

Nikapiga hesabu pale pale. Vipindi viwili kwa wiki, tangu la sita mpaka Fomu Thrii, ni miaka mitano. Nikamwambia Sista, vipindi hivi ukivikusanya, ni zaidi ya mwaka mzima wa hesabu watoto hawa wanaumwaga uwani. Mimi bati likibaki kipande cha kiganja silitupi.

Akazikusanya silabasi zake mezani. Akasema, "Mwalimu wa kumweka pale sina, Bwana Haji. Njoo wewe."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Hakuwa akicheka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wote: nimekwenda kuokoa vipindi. Mjomba wako nilimwambia hivyo. Nafsi yangu niliiambia hivyo. Vijana wa maskani nzima ya Jang'ombe waliponibandika jina la Padri, ikawa nikipita na baskeli wananiita, "Padri, leo misa saa ngapi?", niliwajibu hivyo hivyo, kwa tarakimu, nao wakazidi kucheka. Lakini nilipotia saini ya kuja kuwafundisha watoto wa watu, Rukia, niliwaza jambo moja tu: kwamba Jumanne na Alhamisi, kipindi cha nne, nitakuwa mahali ulipo, na nitakuwa na swali mkononi.

Siku ya kwanza nilioga mara mbili na harufu ya risasi ya kulehemu haikunitoka. Nilikuja na kipande cha bati, mkasi wangu mkubwa, uzi na chaki. Mlikuwa kumi na wawili, madarasa yamechanganyika. Nikawaita majina. Kila mtoto akajibu nipo, nipo. Nikafika kwako, Rukia Haji. Nyumbani nikikuita siku zote ulisema "Naam, baba." Pale ulitazama sakafu ukasema, "Nipo, mwalimu."

Wenzio wakaangua kicheko. Na ndani, dirisha lipo wazi, darasa zima la watoto wa Kikristo lilikuwa linasali kwa pamoja, Baba Yetu. Nikajisemea, tazama mambo haya: ndani watoto wa watu wote wanaita Baba, na huku nje wangu mmoja ananiita mwalimu. Nilicheka peke yangu usiku, wala sikuwa na wa kumsimulia. Mama yako angeikamata ile akaicheka wiki nzima.

Siku hiyo ndiyo ulinambia Mkunazini nisije tena. Nilikwambia nimeshaahidi. Ulitangulia mbele mpaka nyumbani, na mimi nyuma na baskeli naikokota, tena nikawa najisifu moyoni kwamba mtu mzima hatengui ahadi.

Nawe ulirudi barazani Alhamisi, ukakaa mwisho wa mstari, karibu na ngazi. Na hapa ndipo nnapotaka unisikilize, kwa sababu nadhani umekuwa ukifikiri jambo kwa miaka mingi na hukunambia.

Niliwafundisha kwanza duara. Sikuanza na kitabu. Nilianza na uzi, kama alivyonianzishia fundi wangu. Zungusha uzi kwenye mdomo wa ndoo, halafu unyooshe ukate ndoo katikati, utaingia mara tatu na chembe. Chembe hiyo ndiyo wanayoiandika ishirini na mbili kwa saba. Halafu nikawaonesha umbo la pia, yaani la faneli. Nikakata duara la bati, nikasema: nikitoa kipande hapa kama kipande cha keki nikazikutanisha kingo, linakuwa pia. Sasa nikitaka pia iwe fupi na mdomo mpana, nitoe kipande kikubwa au kidogo?

Ukainua mkono. Wa kwanza. Wengine walikuwa bado wanakunja nyuso. Uliunyoosha mpaka bega likapanda, mkono wa kushoto ukaushikilia wa kulia kwenye kiwiko usichoke, na ukapiga vidole kama mnavyofanya watoto. Jibu ulikuwa nalo, lazima. Umekulia chini ya meza yangu, faneli umeziona zikizaliwa kabla hujajua kusoma. Nikakutazama. Nikamchagua Salum.

Salum alisema kikubwa, akakosea. Mkono wako bado uko juu. Nikamchagua msichana wa darasa la saba, akasema vyovyote ni sawa, naye akakosea. Halafu nikalitoa jibu mwenyewe.

Nilifanya vile kwa hesabu, mwanangu. Nilisema, wakisikia mtoto wangu anajibu, watasema kafunzwa nyumbani, baba kampa jibu mfukoni. Wale wazazi wengine, wanaoniita Padri, watasema fundi bati kajipeleka skuli kumpigia debe binti yake. Maisha yangu yote nimefanya kazi chini ya macho ya watu wanaongoja nikosee milimita moja. Kwa hivyo nikajiwekea sheria: Rukia wa mwisho. Zamu yako utaipata nyumbani. Na nyumbani, unajua, nilikuwa nauliza kama maji yamo mtungini.

Wiki zikapita, zikawa miezi. Nilikuwa nawahi, nilifunga karakana mapema, nikawaacha wateja wananung'unika. Tukapima kimo cha ukuta kwa kivuli chake, tukapima tangi la maji la Masista, Salum akaanguka ndani tukamtoa. Hata watoto wa Kikristo wawili watatu wakawa wanachelewa makusudi kuingia darasani kwao, wanasimama nyuma wanasikiliza, mpaka Sista anawafukuza kwa macho. Nilikuwa na raha ambayo sikuitegemea. Kila Jumatatu jioni nilikuwa nakaa hapa kwenye kiti hiki nafikiri swali la kesho, na kila swali nilikuwa nalipima: hili Rukia analijua. Nilikuwa natunga maswali kwa ajili yako, halafu nayauliza kwa wengine.

Sista Benigna alinisimamisha langoni siku moja. Alisema, "Yule wa karibu na ngazi, mkono wake umeshuka."

Nikamwambia, yule ni wangu, Sista, yeye anajua, hana haja ya kuulizwa.

"Nani kakwambia anayejua hana haja ya kuulizwa?"

Nikampandisha na kumshusha kwa macho. Nikasema moyoni, mtawa, hana mume, hana mtoto, na yeye leo ananifundisha kulea. Nikapanda baskeli yangu nikaenda zangu. Lakini Alhamisi nilitazama, na kweli. Niliuliza swali, mikono ikapanda, wako ulikuwa mapajani, umekunja kitambaa cha somo la ushoni. Sikuweza kukumbuka ulishuka lini. Mimi, ambaye nikiingia nyumba ya mtu nakwambia bila kupima mlango umepinda kiasi gani, sikuona mkono wa mwanangu unaposhuka.

Nikaamua Jumanne inayofuata nitakuchagua. Hata usiponyoosha, nitakuita jina. Nililitafuta swali wikiendi nzima. Nililipata: tangi la duara, nusu limejaa maji, mtu anataka kujua yamebaki madumu mangapi, na kijiti anacho kimoja tu. Swali zuri. Bado nnalo.

Jumanne nikaja, bati kwapani, uzi mfukoni. Kutoka langoni tu nikasikia sauti ya mwanamume. Barazani, mahali ninaposimama mimi, alikuwa amekaa kijana mwenye kofia safi na msahafu juu ya marufaa. Wazazi walikuwa wamekutana, mjomba wako Seif ndiye aliyewaongoza, wakaenda kwa Sista wakadai kwamba watoto wa Kiislamu nao wawe na somo lao la dini katika kipindi hicho. Akawakubalia. Na haki ilikuwa yao, Rukia. Hilo nalisema leo kama nilivyolisema siku ile. Kama wale ndani wanasoma yao, na nyinyi msome yenu, ndiyo mizani. Wala yule kijana sina neno naye. Nna neno na wao kwamba katika wazazi wote wale hapakuwa na hata mmoja aliyenambia, Haji, Jumanne usihangaike. Sista aliniandikia kikaratasi. Nikakipata jioni yake, mtoto aliyepewa alikisahau mkobani. Wale wengine hata hicho hawakuandika. Miezi kumi na tisa nimewafundishia watoto wao, na ahsante yao ilikuwa kunikalisha nje ya lango.

Lakini sikuondoka mara moja, na hili hulijui. Nilisimama nyuma ya nguzo, pale wanapoegesha baskeli. Ustadhi aliuliza swali, nadhani juu ya nguzo za udhu. Na nikakuona, kwa mbali, pale karibu na ngazi. Ulichelewa kidogo. Uliwatazama wenzio kwanza. Halafu ukainua mkono, nusu tu, kiasi cha sikio, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

Akasema, "Naam, wewe wa mwisho, binti."

Ukasimama ukajibu. Ulijibu lote, kwa mpango, la kwanza mpaka la mwisho, hukurudi nyuma, sauti yako imenyooka. Sikuwahi kukusikia ukisema maneno mengi vile kwa mkupuo tangu mama yako alipoondoka. Miezi kumi na tisa nilikuwa nakuja pale ili nikusikie, na siku niliyokusikia nilikuwa nyuma ya nguzo, na aliyeuliza ni mtu mwengine.

Nilirudi karakanani. Jioni ukaniuliza, "Leo hukuja?" Nikasema nna kazi. Ukasema haya. Ulikuwa ni mlango ule, mwanangu, uliufungua wewe mwenyewe kwa swali, na mimi nikaurudishia. Nilikuwa na hasira na dunia nzima na wewe ndiye uliyekuwepo karibu.

Tangu hapo mpaka leo ni miaka tunakula sinia moja na tunasikilizana tunavyotafuna. Umemaliza kwa Masista, umemaliza Fomu Foo, umechaguliwa chuo cha upimaji wa ardhi, na habari hiyo niliipata kwa shangazi yako, tena mbele ya mteja. Watu wananipongeza, wanasema kipimo karithi kwa baba. Nawanyamazisha. Kama kipo ulichokirithi, umekichukua chini ya meza mwenyewe, sikukupa kwa mkono.

Sina mawaidha ya kukupa. Ninacho kipimo kimoja tu, nilikipata kwa hasara, kikufae. Huko unakokwenda utapewa watu uwasimamie. Wapimaji hupewa vibarua, vijana wa kushika kamba na kupigilia mambo, yaani vigingi. Ikitokea siku mmoja wao akawa wako, ndugu au mwanao au yeyote unayempenda, usimchague wa kwanza, watu watasema. Wala usimchague wa mwisho, ataumia, na hatakwambia. Mchague wa tatu. Wa tatu hakuna anayemhesabu, naye atakuwa bado mkono ameuinua.

Na mtu akikuita jina la kejeli, liitike. Mimi Padri nililikataa miezi, likanenepa. Siku niliyojibu, "Misa saa nne, njoo na sadaka," ndiyo siku walipochoka nalo.

Kesho ukishaondoka nitakula kwa shangazi yako, ameshanilazimisha. Lakini nitarudi hapa kulala, na nnajua litakalotokea, maana lilitokea wiki ile ulipokwenda Mangapwani na wenzio. Nitaingia, nitaita, "Rukia, maji yamo?" Halafu nitakwenda kuyaangalia mwenyewe.

Kwa hivyo nakuomba barua, lakini si za kunambia hujambo. Nitakuandikia maswali. Morogoro kuna milima upande gani wa mji? Kutoka Dar es Salaam basi linachukua saa ngapi? Siku hizi mnapimia mnyororo au mnapimia chombo? Majibu nnayo, mengine nimewauliza madereva. Nijibu hivyo hivyo. Nijibu kirefu.

Na lile swali la tangi la nusu, lenye kijiti kimoja, nimelibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Ni lako tangu zamani.

Sasa la bandarini. Hukunitaka, sitakuja. Safari hii nimesikia, japo kupitia kwa mtu. Labda unaogopa nitagombana na wapagazi, na kweli ningegombana. Labda una wenzio na hutaki waone baba mwenye vidole vyeusi. Labda unaogopa kulia. Sikuulizi, hili silijui na bado sikuulizi, lisubiri mpaka utake kulisema mwenyewe.

Barua hii atakupa shangazi yako mkiwa kwenye foleni. Uisome kabla boti haijang'oa nanga, na ukiingia kaa upande wa kushoto, dirishani, au toka nje kwenye sitaha kama watakuruhusu. Boti ikitoka Malindi inauambaa mji, inapita mbele ya Forodhani, halafu Shangani, ndipo inapoelekea kusini. Shangani pale ukuta wa bahari unapopinda, hapo si bandarini. Ni barabara ya watu wote. Nitakuwa hapo tangu alfajiri.

Nilifikiria kubeba bati nikumulikie, lakini asubuhi jua litakuwa nyuma yangu, linatokea upande wa Jang'ombe, haliwezi kukufikia. Na sura yangu hutaiona, ni mbali. Nitakuwa na mkono tu. Nitauinua wa kulia, na kwa wa kushoto nitaushikilia kwenye kiwiko usichoke, mpaka boti ipotee.

Ukiniona, mwanangu, nichague.

Baba yako,
Haji